Chura wa Sali na jina la kuazima

Kila aliyepita darasa la sayansi shule ya msingi amewahi kuuchora ule mduara. Unaanza na mayai yaliyozama kwenye ute, yanafanana na mbegu za pasheni. Mshale. Kiluwiluwi mwenye mkia. Mshale. Kiluwiluwi aliyeota miguu. Mshale. Chura mzima, na mshale wa mwisho unakurudisha kwenye mayai. Mimi nilinyimwa alama moja kwa kumwotesha kiluwiluwi wangu miguu ya mbele kabla ya ile ya nyuma, na hadi leo sijasahau.

Upeleke mduara huo kwenye msitu wa Sali, katika milima ya Mahenge mkoani Morogoro, nao utakwama kwenye mshale wa kwanza. Huko anaishi chura asiyetaga. Mimba anaibeba tumboni, na siku zikitimia anazaa vyura wadogo waliokamilika, miguu yote minne, hawana mkia na wala hawaulizi dimbwi liko wapi.

Si kwamba hakuwahi kuonekana. Wataalamu walishamshika, wakampima, wakamtia kwenye chupa ya spiriti na kumfunga lebo mguuni. Kasoro ilikuwa kwenye lebo. Jina lililoandikwa lilikuwa la chura mwingine, wa mbali, huko nyanda za juu kusini. Ilipofika Novemba 2025 ndipo jarida la kisayansi liitwalo Vertebrate Zoology likachapisha utafiti uliompa jina lake mwenyewe: Nectophrynoides saliensis, yaani wa Sali. Katika kurasa zilezile walipewa majina wenzake wawili wa milima ya Udzungwa, Nectophrynoides luhomeroensis na Nectophrynoides uhehe. Jina moja la zamani, Nectophrynoides viviparus, kumbe lilikuwa limewafunika wote.

Nimeufuatilia mkasa huu kwa sababu ulinivua dhana niliyokuwa nayo tangu utotoni, kwamba kumgundua mnyama ni kumkuta porini. Huyu alikwisha kukutwa zamani. Kilichochukua miaka ni kumvua jina la kuazima.

Berlin, 1905

Mwaka 1905 mtaalamu wa makumbusho ya wanyama ya Berlin, Gustav Tornier, aliwasilisha kwenye Akademia ya Sayansi ya Prussia taarifa ya chura kutoka koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vielelezo vilikuwa vimeletwa na Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la kikoloni, kutoka nyanda za juu kusini, maeneo ya Rungwe na milima ya Ukinga. Ndani ya majike waliokuwa kati ya vielelezo hivyo mlikuwa na watoto. Tornier akamwita chura wake Pseudophryne vivipara. Neno hilo la pili ni Kilatini, maana yake azaaye watoto hai.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, vita ya Maji Maji ililipuka kwenye vilima vya Umatumbi, na kabla Agosti haijaisha wapiganaji walikuwa wamelivamia boma la Mahenge, kwenye milima ileile anakoishi chura wa makala hii. Berlin walikuwa wanasoma habari za uzazi wa chura wa koloni lililokuwa linawaka moto. Nalitaja hili kwa sababu lebo hazilitaji. Kwenye lebo za enzi zile utakuta jina la mkubwa wa msafara, mahali, pengine na mwinuko. Aliyeinama kwenye tope akamtoa chura chini ya gogo hana mstari wake.

Lakini mshangao wa Tornier ulikuwa wa haki. Dunia ina spishi za vyura zaidi ya 7,000, na zinazozaa watoto hazifiki asilimia moja. Kwa vyura wengi dume humkumbatia jike mgongoni, jike akimwaga mayai majini dume anayamwagia mbegu papo hapo. Mimba hutungwa nje, mbele ya samaki na kila mwenye njaa. Kwa jenasi ya hawa wetu mimba hutungwa ndani, ingawa dume hana kiungo cha kuingiza. Hugusanisha tupu zao, basi. Yai lina kiini kikubwa cha kumlisha mtoto, na hatua zote za mkia anazimaliza mlemle kwenye mirija ya uzazi ya mama yake. Jike mkubwa wa kundi la viviparus anaweza kubeba watoto zaidi ya mia moja katika mimba moja.

Ukipanda mteremko wa msitu wa milimani utaelewa faida yake bila kuelezwa. Maji yapo kila mahali, kwenye magome, kwenye majani, kwenye kola ya shati lako, ila yote yanateremka. Dimbwi la kutulia ni adimu. Mayai ukiyaweka mtoni, asubuhi yapo bondeni.

Anayetaka kuliona jambo lenyewe kwa macho, ndugu yao wa korongo la Kihansi ndiye rahisi kuliko wote. Ngozi ya tumbo la Nectophrynoides asperginis ni nyembamba kiasi kwamba jike akiwa mjamzito watoto wanaonekana kwa nje, vidoa vyeusi vilivyobanana, na ukikazia macho unaona vikijisogeza. Mama mwenyewe hafiki urefu wa kidole gumba cha mtu mzima. Mtoto akitoka ana milimita tano hivi. Anaenea juu ya ukucha wako, na bado anabaki na nafasi ya kugeuka. Kwa kiumbe wa ukubwa huo, tone moja la maji likimwangukia ni kama ndoo nzima kumwagiwa mtu kichwani, naye anajipangusa uso kwa mguu wa mbele na kuendelea na safari.

Jina lililotanuka

Jina alilolitoa Tornier halikukaa sana. Pseudophryne ni vyura wa Australia, wasio na undugu wa karibu na wa kwetu. Mwaka 1926 Mmarekani G. K. Noble akawaundia jenasi yao, Nectophrynoides, ndani ya ukoo wa Bufonidae, ule wa vyura wenye ngozi kavu yenye vinundu. Na vivipara hatimaye ikageuka viviparus, kwa kuwa katika Kilatini cha kisayansi kivumishi hufuata jinsia ya jina, na jenasi hii mpya inahesabiwa ya kiume. Mswahili hana haja ya kushangaa. Sisi ni watu wa mti mrefu na kiti kirefu. Nomino ikihama ngeli, kivumishi kinafungasha virago na kuifuata.

Jenasi yenyewe ikakua. Jean Roux wa Uswisi alikuwa ameshatoa spishi nyingine mwaka 1906 na kuipa jina la Tornier kwa heshima. Wengine wakafuata, hadi zikawa 13, na sasa kwa hizi tatu zimekuwa 16. Zote zinapatikana Tanzania tu. Hakuna hata moja iliyowahi kukutwa nje ya mipaka yetu.

Katikati ya kukua huko viviparus likawa jina la jumla. Chura mnene kidogo, mwenye tezi zilizotuna miguuni na nyuma ya macho, akiokotwa Rungwe aliitwa viviparus. Akiokotwa Udzungwa, viviparus. Mahenge, viviparus. Tazama ramani uone tatizo. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa na Mahenge, ni vipande 13 vilivyotawanyika, kila kimoja kikiwa na msitu wake juu na nyika kavu ikikizunguka chini. Upepo wa Bahari ya Hindi huiletea milima hii ukungu na mvua, na kwa mamilioni ya miaka misitu hii imedumu mibichi hata pale sehemu kubwa ya bara ilipokauka. Ndege anaweza kuruka kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Chura wa sentimita chache, anayepumua kwa ngozi na kufa ikikauka, hawezi kuvuka bonde la Kilombero mchana wala usiku. Aliyebaki Mahenge alibaki Mahenge, na wajukuu zake wakawa watu wengine.

Wanaofanya kazi porini walikuwa na mashaka hayo, na sayansi ina namna yake ya kuyaandika. Mtaalamu akimkuta chura anayefanana na anayemjua lakini roho inasita, huandika herufi mbili kabla ya jina la spishi: cf. Ni kifupisho cha neno la Kilatini lenye maana ya linganisha. Nimekuja kuzipenda sana herufi hizo mbili. Ni taaluma chache zilizo na alama rasmi ya kusema sina hakika, na waandishi wa habari tungeweza kuiazima.

Bikoni

Ukinunua kiwanja, hati peke yake haikutoshi. Lazima mpima aje, mfyeke majani, mzione bikoni ardhini. Jirani akidai umemwingilia, hamtabishana kwa maneno ya hati. Mtaenda kwenye bikoni.

Majina ya wanyama nayo yana bikoni. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye mwili wa mnyama fulani uliohifadhiwa makumbusho, au kikundi kidogo cha miili kama ilivyokuwa desturi ya akina Tornier. Tumwite chura kigezo. Maelezo ya mwandishi yanaweza kuwa na makosa, mchoro ukawa mbaya, hata jina la kijiji likaandikwa ovyo kwa masikio ya Kijerumani. Chura kigezo anabaki ndiye mwamuzi. Na sheria za kimataifa za majina ya wanyama zinasema jina lililotangulia ndilo lenye haki.

Kwa hiyo huwezi kusimama tu na kusema chura wa Sali ni mpya kwa sababu hafanani na wa Udzungwa. Swali la kwanza ni hili: kati yao wote, nani ni viviparus halisi? Kama vielelezo vya 1905 vingeonekana kuwa ni vya ukoo wa Udzungwa, jina la zamani lingehamia huko, na chura wa Rungwe, aliyeitwa hivyo miaka yote, ndiye angebaki bila jina. Ukikosea hapo unaongeza jina juu ya jina, na anayekuja nyuma yako anakuta msongamano mbaya kuliko ule ulioukuta.

Kumhoji chura kigezo si kazi ndogo. Amekaa kwenye spiriti miaka 120. Rangi imekwisha, amekuwa wa kahawia iliyopauka kama jani la chai lililotumika mara mbili. Macho yamekuwa meupe. Mikono imekakamaa katika mkao aliowekwa siku ile, na hakuna atakayethubutu kuinyoosha. Sauti yake hakuna aliyeirekodi. Kilichobaki ni umbo, na ndani ya nyama, DNA iliyovunjikavunjika.

Hapo ndipo mambo yamebadilika. Zamani DNA ya kielelezo kikuukuu ilihesabiwa imekwenda na maji, hasa kama mnyama alipitishwa kwenye fomalini, ambayo huzigandisha molekuli na kuzikatakata. Fikiria gazeti la mwaka 1905 lililochanwa vipande vya kufungia karanga, vipande vikatawanywa mtaani, vingine vikaloa, na juu yake vikachanganyika na vipande vya magazeti mengine, maana bakteria na mikono ya watu nayo huacha DNA yake. Mashine za siku hizi husoma vipande vidogo hivyo kwa mamilioni, na kompyuta inavipanga kwa kutazama maneno yanayoingiliana mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine. Hupati gazeti zima. Unapata kurasa za kutosha kujua ni gazeti gani. Katika utafiti huu kazi hiyo ilifanywa na Alice Petzold wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, kwa vielelezo ambavyo vingine vina umri wa zaidi ya karne, na vikaweza kuwekwa kila kimoja kwenye ukoo wake.

Jina la viviparus likarudi nyumbani, nyanda za juu kusini. Wa Udzungwa na Mahenge wakawa huru kuitwa kwao.

Waandishi wa utafiti ni wengi na wametoka mbali: Christian Thrane aliyeongoza, Mark Scherz wa makumbusho ya historia asilia ya Denmark, Christoph Liedtke, Michele Menegon ambaye ameizunguka milima hii kwa miaka mingi, na John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la Lyakurwa nalitaja kwa makusudi baada ya yale niliyosema kuhusu lebo za 1905. Safari hii aliyeinama kwenye tope ana mstari wake.

Usiku, mkononi

Makumbusho peke yake hayatoshi, kwa sababu chupa haina rangi wala sauti. Kwa hiyo kazi inarudi msituni, na msituni inafanyika usiku.

Mtu anatembea polepole na taa ya kichwani, akisimama zaidi ya anavyotembea. Akisikia sauti, hamkimbilii mwenye sauti. Anawasha kinasa sauti kwanza, anasubiri alie mara kadhaa, anaandika joto la hewa, kwa maana chura akipoa hulia taratibu na akipata joto huharakisha, na bila kipimo hicho rekodi haina maana. Baada ya hapo ndipo anamtafuta. Yuko juu ya jani, ametulia, mikono imekunjwa chini ya kidevu. Anashikwa kwa mkono uliolowa, maana ngozi yake hunywa chochote kilicho kwenye ngozi yako, dawa ya mbu ikiwemo. Anawekwa kwenye mfuko wenye majani mabichi, na mfuko unaandikwa saa, mahali na kimo cha jani alilokuwa amekalia.

Asubuhi anapigwa picha mgongo, tumbo, ubavu na viganja. Picha inatangulia kwa kuwa spiriti itaiba rangi ndani ya siku chache. Ingawa rangi yenyewe ni shahidi wa kutiliwa shaka. Katika kundi hili unaweza kukuta kwenye kichaka kimoja chura mweusi, mwekundu kama tofali na wa kijivu, wote ndugu wa tumbo moja. Aliyetegemea rangi angetangaza spishi tatu kabla ya chai.

Mashahidi wanaoaminika zaidi ni tezi. Nyuma ya kila jicho la chura wa ukoo huu kuna uvimbe, ndimo zinamokaa sumu za kujikinga. Unatazama urefu wake na upana wake, unatazama kama umegusana na jicho au umeachana nalo, kama unashuka hadi begani. Kisha tezi za miguuni, ambazo kwa kundi la viviparus zimetuna mithili ya misuli ya mbeba zege. Kalipa inapima kutoka ncha ya pua hadi tupu, upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, mfupa wa muundi. Kila kipimo kinarudiwa. Tofauti kati ya spishi na spishi inaweza kuwa nusu milimita, na chura aliye hai hakai kama mteja wa fundi cherehani.

Kila nikisimulia haya huulizwa kwa nini wachache kati yao lazima wauawe. Swali ni la haki na halifai kujibiwa kwa haraka. Picha hukuonyesha kile mpiga picha alichofikiria kukipiga. Tezi za ndani ya mguu, mifupa ya kichwa, watoto tumboni, hivyo havimo kwenye picha, na Tornier bila vielelezo asingejua kwamba hawa huzaa. Wala sisi bila vielelezo vyake tusingeweza, miaka 120 baadaye, kumuuliza swali ambalo yeye hakujua kwamba lipo. Nakubaliana na hoja hiyo. Bado sijawahi kuizoea.

Majina ya kwetu

Kiswahili kina neno moja tu, chura, kwa viumbe ambao lugha nyingine huwagawa mara mbili kwa ukavu au utelezi wa ngozi. Wanasayansi wa leo wangetuunga mkono, kwani mgawanyo ule wa ngozi haulingani na koo halisi. Na katika majina rasmi ya Kilatini Kiswahili kimejipenyeza zaidi ya tunavyojua. Mwaka 2009 David Blackburn alimwita chura mdogo sana wa milima ya Nguru Arthroleptis kidogo, na mwingine wa Usambara Magharibi Arthroleptis fichika. Usambara Magharibi hukohuko yupo Callulina kisiwamsitu, aliyepewa jina mwaka 2004 kwa sababu anaishi kwenye kisiwa cha msitu. Uhehe nayo, kwenye jina la yule mpya wa Udzungwa, ni nchi ya Wahehe, na kile kiambishi u- cha mwanzo kimeingia kwenye sayansi bila kubadilishwa hata herufi.

Ninayempenda zaidi ni Churamiti maridadi. Alan Channing na Bill Stanley walimwandika mwaka 2002 kutoka msitu wa Mamiwa-Kisara, milima ya Ukaguru, na wakamuundia jenasi nzima kwa Kiswahili. Ni wa pekee ndani yake. Vielelezo viwili ndivyo vilivyomfanya ajulikane, na tangu hapo amekuwa akitafutwa. Mwaka 2019 watafiti walipanda Ukaguru wakiwa na hamu ya kumwona. Hawakumpata. Walirudi na chura wa matete mwenye miiba midogo kooni, ambaye dume lake halitoi sauti ya kuita majike, naye akaandikwa mwaka 2023 kwa jina la Hyperolius ukaguruensis. Watafiti wanadhani majike huisoma ile miiba ya kooni kwa kugusa. Ile methali ya kelele za chura na ng'ombe anayekunywa maji, huyu haimhusu.

Kuna wa kusikitisha zaidi ya maridadi. Huko Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1926 alikusanywa chura mmoja mdogo. Thomas Barbour na Arthur Loveridge wa Harvard wakampa jina mwaka 1928, Parhoplophryne usambarica. Ni huyohuyo mmoja. Ana jenasi yake, spishi yake, chupa yake, na hakuna mwingine aliyewahi kuthibitishwa. Jina linaweza kuwa kamili kabisa na mwenyewe asiwepo.

Na jina linaweza kuchelewa. Chura wa Kihansi alionekana mwaka 1996, wakati mradi wa umeme kwenye maporomoko ya Kihansi ulikuwa umeshapangwa. Alipewa jina rasmi mwishoni mwa muongo huo, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mmoja wa waandishi. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha iliyokuwa ikilowesha makazi yake, eneo lisilozidi sana viwanja vichache vya mpira, ilikatika. Vyura 499 walisafirishwa Marekani mwaka huo. Wale waliobaki korongoni, pamoja na mabomba ya kunyunyizia maji waliyowekewa, wakaporomoka idadi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Vizazi vya wale waliosafirishwa vilirudi, kwanza kwenye nyumba maalumu ya kuwalea chuoni Dar es Salaam mwaka 2010, halafu Kihansi kwenyewe mwaka 2012. Kama angekuwa ameandikwa kwenye lebo ya spishi nyingine iliyotapakaa milima mitano, sidhani kama kuna ambaye angemkatia tiketi.

Hapo ndipo lebo ya Sali inapoacha kuwa mambo ya makumbusho. Ilipoandikwa viviparus, chura huyo alikuwa sehemu ya mnyama mwenye eneo kubwa, anayeonekana Rungwe, anayeonekana Udzungwa, wa kawaida tu. Msitu wa Sali ukifyekwa, kwenye hesabu angekuwa amepungua kidogo. Kwa lebo ya saliensis hana kwingine. Chura ni yuleyule na msitu ni uleule, lakini ofisa wa misitu anayejaza fomu, na wanaopanga orodha nyekundu ya wanyama walio hatarini, wana mstari mpya wa kuujaza.

Makumbusho yana desturi moja niliyoipenda. Lebo ya zamani haitupwi hata kama imekosea. Anayebadili jina huandika lebo ya pili, jina jipya, jina lake yeye na mwaka, kisha anaiweka kando ya ile ya kwanza. Kwa hiyo kila chura wa Sali aliyewahi kutiwa chupani kwa jina la mwenzake atabaki na karatasi mbili ndani ya spiriti, moja ikisema viviparus na nyingine saliensis. Na kwenye uzi nafasi ya karatasi ya tatu bado ipo.